Kufuli la Boneti

Kufuli lenyewe lilikuwa la ghala: la shaba, zito, la kumshinda mtu mwenye shoka. Mzee Machogu alilifunga kwenye boneti ya Pijo lake mwezi wa Januari mwaka 1971, na mwizi aliyekusudiwa nilikuwa mimi, dereva wake.

Gari alilinunua kwa Mzungu mmoja wa mashamba ya chai ya Kericho aliyekuwa akifunga virago kurudi kwao. Pikapu 404 ya kijivu, injini yake ikinong'ona kama mama anayebembeleza mtoto. Kazi yetu ilikuwa kubeba vinyago vya mawe kutoka Tabaka, nyumbani kwa mzee, mpaka stendi ya mabasi mjini Kisii, na huko vikapakiwa kwenda Nairobi. Abiria wangu walikuwa viboko, twiga na sahani za matunda, wote wa mawe, wamefungiwa ndani ya majani makavu ya mgomba. Abiria wazuri sana. Hawatapiki, hawaulizi tumefika wapi. Shida ilikuwa mwenye gari.

Mzee alikaa mjini na wenye magari wenzake, wakamjaza maneno. Walimwambia dereva ni mtu wa kuuza betri mpya na kuweka kuukuu, kuchomoa plagi moja moja kama anayekula karanga, na kukamua oili ya injini akaipeleka nyumbani kwake kuwashia taa. Kuwashia taa! Mtu aliyewahi kuwasha oili ya injini ndani ya nyumba hayuko hai asimulie. Lakini mzee aliamini. Akaenda kwa fundi wa kuchomelea, akatiliwa pete mbili mbele ya boneti na kufuli katikati. Ufunguo akautumbukiza kwenye mfuko wa ndani wa koti lake, koti ambalo halikuvuliwa hata jua likiwaka namna gani.

Nilimwendea asubuhi ileile na heshima zangu zote. Nilimwita Omogaka, kama tunavyowaita wazee wetu, nikamweleza kwamba gari huamshwa kama ng'ombe wa maziwa: unalipapasa kwanza. Injini ikiwa bado baridi unafungua boneti, unatazama maji, unachomoa kijiti cha oili, unakifuta, unakirudisha, unakichomoa tena. Unabonyeza fenibelti kwa kidole gumba uone kama imelegea. Unachungulia chini kama kuna tone lililoanguka usiku. Yote hayo yanaisha kabla kikombe cha chai hakijapoa.

Mzee akanijibu kuwa yeye pia ana mikono na ana macho, na maji atatia mwenyewe. Kazi yangu ni usukani.

Kitu kiliniuma. Yale niliyomweleza sikuyasoma kitabuni. Niliyasoma kwa miguu. Miaka saba nyuma nilikuwa naendesha trekta kule Kericho, nikasahau oili siku moja tu. Injini ikakwama saa nne, saa tano nikafutwa, na saa sita nilikuwa barabarani na godoro kichwani nikitembea kurudi kwetu, watoto wa kila boma wakinihesabia hatua. Tangu siku hiyo sikuwahi kuwasha gari bila kulitazama tumboni. Sasa nikawa kama bwana harusi aliyeozwa mke mwenye veli iliyoshonwa kwa uzi wa gunia. Nilimwendesha, nikamsikiliza akihema, lakini uso wake sikuuona.

Februari na Machi zikapita. Baada ya Pasaka nilienda Ekerenyo kumzika baba mkwe wangu, nikakaa huko wiki nzima na mke wangu Gesare. Wiki hiyo mzee aliendesha mwenyewe. Niliporudi nikakuta mlango wa kushoto umebonyea na mzee hataki kuulizwa. Sikuuliza. Lakini siku ile ile, tukipanda kuelekea Kisii, niliona mshale wa geji ya joto umepita mahali pake pa kawaida. Kidogo tu, unene wa kucha.

Nikamwambia. Akasema mshale umelegea.

Wiki iliyofuata ulipanda unene wa kidole. Nikamwambia tena, nikamwomba afungue tuone rejeta, maana injini ikianza kupata homa inakuwa na sababu: maji yamepungua, au hayapiti, au feni haivuti. Akasema homa ninayo mimi, homa ya kukimbiza gari ili niwahi kurudi kwa mke. Mara ya tatu nilimwambia mbele ya mkewe, Mama Persis, ambaye alikuwa ameinamia karai lake la kusugulia vinyago. Mzee aliona nimemwaibisha. Akauliza kama nimekuja kuendesha gari au kulitabiria kifo.

Katikati ya hayo nikapata habari njema. Kiwanda kimoja cha chai upande wa Nyamira kilikuwa kinatafuta madereva wa lori za kubeba majani. Majaribio yangekuwa Jumatatu ya wiki ya mwisho ya Mei, na anayekuja aje na leseni mkononi. Bila leseni asisumbue watu getini. Nyamira ni karibu na kwao Gesare, kazi ni ya kudumu, na lori za kiwanda hazina kufuli kwenye boneti. Mtu mwingine angenyamaza, akapotea Jumatatu kama moshi. Mimi, mjinga wa heshima, nilimwendea mzee nikamuaga kwa adabu, wiki nzima mbele, ili atafute dereva mwingine. Akasema, sawa.

Alhamisi ya wiki hiyo tulipakia makasha kumi na mawili. Mzee akapanda mbele pamoja nami na koti lake. Tulipoacha Suneka nyuma na kuanza kupanda kuelekea mjini, mshale ukaanza kupanda nao, na haukusimama. Nikasikia harufu tamu ya maji moto na mpira. Nikafanya kile dereva anachofanya akiwa hana kingine: nikawasha kile kipasha-joto cha miguuni, kile ambacho Wazungu walikitaka kwa baridi ya Limuru. Kikiwaka kinanyonya joto la injini na kulileta ndani. Afadhali tuungue miguu sisi kuliko iungue injini.

Mzee alianza kutokwa na jasho. Akafungua dirisha. Akanitazama, akatazama kile kitufe.

"Mogire, umewasha jiko ndani ya gari yangu?"

Nikamweleza. Akakizima. Nikakiwasha. Akakizima tena, na safari hii akaweka mkono wake juu yake. Nikasema basi nasimama. Akasema nikisimama nitajua yeye ni nani, basi la Nairobi linaondoka saa tano. Mshale ulikuwa umefika mwisho, hauna tena pa kwenda. Nikakanyaga klachi, nikaliacha gari liegemee kando ya barabara, nikazima.

Mvuke ulitoka pande zote za boneti kama nyumba inayopikiwa ndani. Mzee akaruka nje, ufunguo mkononi. Nilimsihi. Nilimwambia tukae nusu saa, injini ipoe yenyewe. Kifuniko cha rejeta kikifunguliwa kikiwa moto, maji yatamrukia usoni. Baadaye tukikifunika na gunia tukakilegeza hatua moja, mvuke utoke kwanza, hapo sawa. Wakati nazungumza kufuli lilikuwa limefunguka, boneti iko juu, na mkono wake uko kwenye kifuniko.

Yale maji yalipiga koti. Nashukuru lile koti, siku moja tu katika maisha yake lilifanya kazi. Mkono uliungua kidogo, na hasira ikamuunguza kabisa. Alichukua debe nyuma ya gari, akashuka mtaroni, akarudi nalo limejaa maji ya mvua, baridi ya milimani. Nikasimama mbele ya injini. Nikamwambia injini ikiwa moto namna hii, maji baridi ni nyundo.

"Gari ni ya nani?" akaniuliza.

Akanisukuma kwa bega, akamimina.

Nilisikia mlio. Haukuwa mkubwa. Tak, kama mtu anavunja muwa mwembamba. Mzee hakuusikia, au alijifanya. Nilichomoa kijiti cha oili kwa mara ya kwanza tangu Januari. Oili haikuwa nyeusi. Ilikuwa rangi ya chai ya maziwa. Maji yalikuwa yameshaingia pasipo pake, na injini ile iliyokuwa ikinong'ona ilikuwa imenyamaza.

Nilimwonyesha. Akakitazama kile kijiti, akanitazama mimi, na nikaona akichagua. Hakuna namna nyingine ya kulisema. Nilimwona akichagua kati ya yeye na mimi. Akaingia ndani ya gari, akafungua kisanduku cha mbele ambamo nilikuwa naweka leseni yangu pamoja na karatasi za gari, kwa sababu ya polisi wa barabarani. Akakitoa kile kijitabu chekundu, akakitia mfuko wa ndani wa koti.

"Ulijua unaondoka Jumatatu," akasema. "Umeniharibia gari ndio uondoke vizuri. Basi nenda. Hii utaipata siku utakaponiletea injini."

Niliwahi kupigwa na maisha mara nyingi, lakini nilikuwa bado sijajua kwamba hasira inaweza kumfanya mtu asikie baridi. Nilisimama kando ya barabara ya Suneka, mikono yangu miwili imekunjwa ngumi, nikaiambia ifunguke. Mzee alikuwa sawa na baba yangu kwa umri. Na kijitabu kilikuwa kwake. Alisimamisha gari la mizigo, akahamisha makasha yake, akapanda. Kabla ya kuondoka alimwambia kila aliyesimama kutazama kwamba dereva wake amemtilia mchanga kwenye injini.

Lori la mahindi lilinivuta mpaka mjini, kwa Ouko.

Ouko alikuwa makanika kutoka upande wa ziwani, amekaa Kisii miaka tisa, anasema Ekegusii, lugha yetu, vizuri kuliko watoto wetu wa siku hizi. Gereji yake ilikuwa kivuli cha mti na sanduku la spana. Tulikuwa na utani wetu: yeye husema sisi watu wa milimani tunaendesha gari kama tunachunga mbuzi, mimi husema wao wanatengeneza gari kama wanapara samaki. Siku hiyo alianza utani, akaniona uso, akaacha.

Alifungua mpira wa chini wa rejeta ili maji yatoke. Hayakutoka. Akaingiza waya. Kikatoka kitu kizito, cheupe, polepole, kikaning'inia kabla hakijaanguka.

Ouko aliinama akakitazama. Alikuwa mtu wa kelele, lakini alipozungumza ilikuwa kwa sauti ndogo.

"Omera, ndugu yangu, hii gari inakunywa uji."

Aling'oa rejeta yote, akaitia maji ya mfereji juu. Chini likatoka tone moja, halafu la pili, kama linaomba ruhusa. Kisha akaangalia kile kifuniko. Mpira wake ulikuwa umekwisha kabisa, umebaki uzi. Akanieleza, ingawa nilishaelewa: kifuniko kibovu kinatema maji kila mlima, kwa hiyo mtu anaongeza maji kila asubuhi, na kila asubuhi anaongeza na hicho cheupe. Mpira ule ni kitu cha kununua ukielekea kununua chumvi. Mimi ningeuona siku ya kwanza. Siku ya kwanza!

Hapo ndipo niliketi juu ya tairi nikacheka, na Ouko akaniambia nisicheke hivyo, ninamtisha.

Aliyeyusha lehemu kwa moto, akaitenga sehemu ya chini ya rejeta, ile iliyo kama bakuli refu la shaba. Ilikuwa imejaa tope lililoganda. Akalichonga kwa kisu upande mmoja ili tuone. Chini kabisa lilikuwa jeupe. Katikati kulikuwa na mstari wa rangi ya waridi, unene wa kidole. Juu yake jeupe tena.

Nililigusa. Laini, linateleza, linabaki kwenye vidole kama poda ya mtoto. Mtu wa Tabaka hawezi kulikosea. Nimekanyaga unga huo wa mawe ya vinyago tangu nijifunze kutembea.

Ouko akaniuliza kama nitampiga yule mzee. Nikamwambia sijui bado. Akanipa lile bakuli la shaba na gunia la kulifungia, akasema kichwa cha injini kimepasuka na hicho si cha kutengenezwa na Jaluo wala Mgusii, lakini nikienda kwa mzee nipeleke kwanza bakuli, ngumi baadaye.

Ijumaa mchana nilifika Tabaka. Ijumaa nyumbani kwa Mzee Machogu ilikuwa siku ya mbio. Yeye na Mama Persis ni Wasabato, na jua likizama kazi inazama nalo mpaka Jumamosi jioni. Jumapili asubuhi alikuwa anakuja mnunuzi wa viboko sitini. Kwa hiyo wanawake saba walikuwa wameketi uani, kila mmoja na karai lake la maji, wakisugua mawe kwa msasa ndani ya maji, na maji yamekuwa meupe kama maziwa. Ndivyo kinyago kinavyong'arishwa kwetu. Ukikisugua kikavu, unga utakumaliza mapafu. Unakisugua ndani ya maji na unga unabaki majini. Usiku makarai yanaachwa pale pale mlangoni. Asubuhi unga umeshuka chini, juu maji ni safi, unayachota taratibu kutumia tena, kwa sababu kisima kiko bondeni na mlima ni wa kukata roho.

Mzee alikuwa kwenye kiti chake barazani. Aliponiona akauliza kama nimeleta injini.

Nilitaka kumjibu, nilikuwa na maneno yaliyokaa kinywani tangu Suneka, lakini nilikumbuka Ouko. Nikafungua gunia mbele ya Mama Persis, nikamwekea lile bakuli miguuni, nikamwambia kwa heshima, mama, nisaidie kusoma hiki kitu.

Mama Persis alikuwa na vidole ambavyo vinasoma jiwe gizani. Alifuta mikono kwa leso, akagusa lile tope, akalipikicha. Akagusa ule mstari wa waridi. Akauliza limetoka wapi. Nikamwambia limetoka ndani ya gari la mzee, mahali pa maji, na Ouko wa mjini ni shahidi.

"Hii ni ya makarai yetu," akasema.

Mzee akasema kila mtu Tabaka ana unga, na dereva pia ana mikono. Labda nilichota hapa hapa nikatia.

Mama Persis hakumtazama. Alikuwa bado ameinamia ule mstari wa waridi. Akasema jiwe la rangi hiyo walilipata machimboni mara moja tu mwaka huu, wiki ya baada ya Pasaka. Walilisugua wiki ile moja, sahani arobaini, likaisha. Kabla yake lilikuwa jeupe na baada yake jeupe. Halafu akaniuliza, kama mtu anayeuliza habari za mvua, wiki ile ya sahani nilikuwa wapi.

"Ekerenyo, mama. Nilikuwa namzika baba mkwe."

Msasa wa mwanamke mmoja ukanyamaza. Kisha wa mwingine.

Wote walijua nani aliendesha wiki ile. Walikuwa wameona mlango wa kushoto. Na wote walijua ufunguo wa kufuli unalala wapi. Mzee akainuka. Nilidhani atakana. Angekana ningemheshimu kidogo, kama mtu anavyomheshimu mwongo mwenye bidii. Yeye alikasirika. Akasema ndiyo, alichukua maji ya karai kila alfajiri, akaliinamisha karai mpaka kopo likajaa, kwani kuna ubaya gani? Atume mtu bondeni kwenye kisima kwa ajili ya gari, wakati maji yako mlangoni?

"Maji ni maji," akasema.

Hapo mikono yangu ilifunguka yenyewe. Niliokota kikombe cha bati kilichokuwa kando ya Mama Persis, nikakizamisha kwenye karai lake mpaka chini, kikatoka kimejaa, cheupe, kizito. Nikapanda barazani. Nikamnyoshea kwa mikono miwili, kama inavyopaswa kumpa mzee kitu.

"Maji ni maji, Omogaka. Kunywa."

Hakuchukua. Nikabaki nimeinyosha mikono. Nikamwambia kwamba gari lake lilikunywa miezi minne bila kulalamika, na lilipolalamika mara tatu nililitafsiria, akasema nina homa. Akinywa kikombe hiki kimoja, leseni abaki nayo, na injini nitamtafutia hata kama nitaibeba kichwani kutoka Kericho. Njia ninaijua. Sauti yangu haikuwa kubwa. Nikakisogeza kikombe karibu zaidi, maji yakamwagika kidogo kwenye kiatu chake, yakakauka pale pale yakaacha doa jeupe.

Aliyezungumza alikuwa Mama Persis, na hakuzungumza kuhusu mimi.

"Nyamusi," akasema.

Nyamusi alikuwa mjane wa chini ya barabara, mwanamke wa nane. Karai lake lilikuwa la mwisho, karibu na mlango. Kila asubuhi lilikutwa limepungua maji, na Mama Persis alimshtaki kwamba anamwaga ili apate sababu ya kwenda kisimani kupumzika na kupiga domo. Nyamusi alikana mpaka akalia. Mwezi wa Aprili Mama Persis alimfukuza mbele ya wanawake wote.

"Nilimwita mwongo hapa hapa," Mama Persis akasema. "Na wewe ulikuwa umekaa kwenye hicho kiti. Ulinisikia."

Mzee akatazama jua. Nakwambia, alitazama jua! Akasema maneno yote yatangoja, kazi iendelee, saa zimekwenda. Mama Persis akatia msasa wake ndani ya karai, ukazama. Akavuta leso begani. Wale wanawake sita wakaacha msasa wao pia, mmoja mmoja, wakaweka mikono mapajani. Viboko ishirini na kitu walikuwa bado wana mikwaruzo, na jua lilikuwa limeshaanza kuegemea upande wa ziwa. Baada ya kuzama hapangekuwa na wa kusugua, si kwa dua wala kwa vitisho.

Hakuna aliyemwambia mzee afanye nini. Alisimama pale, mkono ukaingia mfuko wa ndani wa koti. Ukatoka na ufunguo kwanza, akaurudisha. Kisha ukatoka na kijitabu changu. Hakunipa. Alikitupa. Kikapita karibu na sikio langu, kikatua kwenye karai la Mama Persis, kikakaa juu kidogo, kikazama.

Nilishuka, nikapiga magoti, nikaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko. Nilikitafuta kati ya viboko. Nilipokitoa hakikuwa chekundu tena. Picha yangu ilikuwa imefunikwa, nimekuwa mzungu.

Nilikifuta kwa shati. Sikumwambia mzee kwaheri, na hilo ndilo jambo pekee la siku ile ambalo Gesare alinilaumu. Mama Persis alikuwa ameshatangulia kwenye njia ya kushuka barabarani, mwanamke wa miaka sitini, anatembea haraka kama anayewahi basi. Alikuwa anakwenda kwa Nyamusi kabla jua halijazama. Nyuma yetu hakuna msasa uliosikika.

Jumatatu nilikuwa getini Nyamira saa kumi na mbili na nusu. Mkuu wa magari alikuwa mtu mfupi anayeitwa Nyasani, ana kalamu sikioni na hacheki na mtu. Alichukua leseni yangu, ikapasuka kidogo kwenye mshono, unga ukamwangukia kwenye suruali. Akaipepeta. Akauliza kama nilikuwa nimeihifadhi kwenye gunia la ngano. Nikamwambia ni hadithi ndefu na imejaa maji. Akasoma nambari, akasoma jina, akapangusa picha kwa kidole gumba mpaka jicho langu moja likaonekana. Akaridhika na jicho.

Tulikuwa madereva watano. Watatu wa kwanza walipopewa ufunguo walipanda, wakawasha, wakazunguka uwanja, wakashuka wakijipanguza. Ilipofika zamu yangu sikupanda. Nilizunguka mbele ya lori, nikatafuta boneti, na mkono wangu ukasita, kwa sababu ulikuwa unatafuta kufuli. Halikuwepo. Boneti ikainuka kama mlango wa nyumba ya mtu anayekutarajia.

Nilichomoa kijiti, nikafuta, nikarudisha, nikachomoa. Nikabonyeza fenibelti. Rejeta ilitaka nusu kopo. Nilikwenda kwenye mfereji, nikakinga maji, nikayainua kwenye mwanga, kisha nikanywa funda moja. Kilichobaki nikamimina.

Nyasani alikuwa amesimama nyuma yangu muda wote huo. Akaniuliza kama nilitoka nyumbani bila chai.

Nikamwambia chai nilikunywa, mkubwa, lakini mimi simwagii injini kitu ambacho mwenye gari hawezi kunywa.

Akachukua kalamu sikioni.